UZI: Shule ya Kikristo ya kulea mtoto mzima, PP1 hadi Gredi 2, upande wa Ahero. Tupige hesabu na kanuni

#1 Mwalimu_Rabuor
Wadau, hamjambo. Mpango ni shule ndogo ya kutwa kati ya Rabuor na Ahero, Kaunti ya Kisumu, Kenya. Madarasa manne: PP1 na PP2 (za chekechea), Gredi 1 na Gredi 2. Watoto 60 mwaka wa kwanza, walimu wanne, mpishi na mlinzi. Kanisa limekubali kutoa kipande cha shamba lake. Dira ni Luka 2:52, "Naye Yesu akazidi kuendelea katika hekima na kimo, akimpendeza Mungu na wanadamu": akili, mwili, roho, na kuishi na watu. Kila shule ina mstari kama huo kwenye lango, kwa hivyo msinisaidie kutunga kauli mbiu. Nataka kujua unaingiaje kwenye ratiba, kwenye sufuria na kwenye daftari la pesa. Anayejua sehemu yake aimwage hapa.

#2 KaratasiKwanza
Mwalimu, anza na ardhi kabla ya kuzungumzia kitu kingine. "Kanisa limekubali" ni maneno ya mdomo. Hati miliki ya shamba la kanisa huwa kwa jina la wadhamini waliosajiliwa, na wao ndio wa kutia sahihi, si mchungaji wa parokia wala mzee wa kanisa. Mchungaji akihamishwa au kanisa likigawanyika, karatasi aliyoandika yeye inabaki kuwa barua tu.

Andikeni mkataba wa kukodisha wa miaka kumi au zaidi, uwe na ramani ya kipande chenyewe, na usajiliwe. Kama shamba bado ni la kilimo, ombeni idhini ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi ndani ya miezi sita tangu mtie sahihi, la sivyo mkataba hauna nguvu kisheria. Sambamba na hilo, ombeni kaunti ibadilishe matumizi ya ardhi kutoka kilimo hadi elimu. Wengi huruka hatua hii, halafu ramani za jengo zinakataliwa na pesa za mchoraji zimeshalipwa.

Chombo cha kumiliki shule: kampuni yenye dhamana isiyo na hisa, au udhamini. Msisajili kama biashara ya mtu mmoja. Mwenye jina akifariki, shule inaingia kwenye mirathi pamoja na ng'ombe wake.

Halafu usajili wa shule yenyewe, chini ya Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Maombi hupitia ofisi ya elimu ya kaunti ndogo hadi Bodi ya Elimu ya Kaunti. Faili iwe na cheti cha kampuni au udhamini, hati ya ardhi au mkataba, ramani zilizoidhinishwa, ripoti ya afisa wa afya ya umma, ripoti ya maafisa wa ubora wa elimu, majina na vyeti vya halmashauri ya shule, na nambari za walimu za TSC (Tume ya Huduma kwa Walimu). Jambo linalowachanganya watu: PP1 na PP2 ni kazi ya serikali ya kaunti kwa mujibu wa Katiba, Gredi 1 kwenda juu ni wizara. Nenda ofisi zote mbili kuanzia siku ya kwanza.

Mkaguzi wa afya akifika na vyoo havijaisha, ataandika hivyo, na ripoti yake ndiyo itakayofunguliwa kwanza kwenye faili. Malizeni vyoo kabla ya kupaka madarasa rangi.

#3 Fundi_wa_Kano
Huko Rabuor kuna ule udongo mweusi unaopasuka kiangazi hadi mkono unaingia, na mvua ikija unavimba kama unga wa mandazi. Ukijenga juu yake kama unavyojenga Vihiga, msimu wa pili utaona ufa wa mshazari ukianzia kwenye kona ya dirisha. Huo ni msingi unaopanda na kushuka. Kupiga lipu tena hakusaidii.

Chimbeni mtoe udongo wote mweusi kama hauzidi mita moja na nusu, mjaze muramu kwa tabaka za sentimita 15. Kila tabaka linamwagiwa maji na kushindiliwa kabla ya lingine. Ukimwaga lori zima mara moja, juu patakuwa pagumu na chini pakavu, na sakafu itazama katikati. Kama mweusi unaenda chini zaidi ya hapo, mwiteni mhandisi achore msingi wa slabu. Linta (boriti ya zege juu ya madirisha) izunguke jengo lote bila kukatika. Nje, wekeni sakafu ya zege ya upana wa mita moja kuzunguka kuta ili maji ya paa yasinywee msingini. Mikaratusi isipandwe karibu, inanyonya maji upande mmoja na jengo linainama.

Mafuriko ya mto Nyando mnayajua. Waulizeni majirani waoneshe alama ya maji kwenye kuta zao, kisha sakafu iwe sentimita 60 juu ya alama hiyo. Wasipokubaliana, chukua ya juu kabisa.

Vipimo vya darasa kwenye mwongozo wa usalama wa shule wa 2008 ni mita 7.5 kwa 5.85, watoto 30 wakikaa kila mmoja na dawati lake. Milango ifunguke kwenda nje. Madirisha yasiwe na vyuma vya kuzuia wezi. Wazee wa kanisa watalalamika kuhusu wezi. Waambieni mlinzi yupo kwa sababu hiyo. Na msijenge ghorofa kwa watoto wa umri huu. Yaliyotokea Kakamega Februari 2020, watoto walipokanyagana kwenye ngazi, yanatosha.

Kitu kingine ambacho hakimo kwenye ramani nyingi: dari. Mvua ya saa tisa ikianza kwenye mabati matupu, somo limekwisha.

#4 Mwalimu_Rabuor
Asante sana fundi. Vyoo vingapi kwa watoto 60? Na shimo la futi ishirini linawezekana huku?

#5 Fundi_wa_Kano
Hesabu ya mwongozo: watoto 30 wa kwanza matundu 4, kisha tundu moja kwa kila 30 wanaoongezeka hadi 300. Kwa hivyo 60 ni matundu 5. Gawa 3 wasichana, 2 wavulana pamoja na sehemu ya kukojolea. Walimu wana chao.

Kina cha mita 6 huku ni ndoto, maji unayakuta kabla ya hapo. Jengeni choo kilichoinuliwa: shimo fupi lililojengewa kwa mawe ndani, sehemu yake iwe juu ya ardhi, na ngazi tatu zenye kishikio cha urefu wa mtoto. Kiwe mita 15 au zaidi kutoka kisimani. Bomba la hewa la milimita 150, lipakwe rangi nyeusi, lipite paa kwa nusu mita, juu wavu wa nzi. Wavu ukisahaulika bomba linakuwa barabara ya nzi. Ndani pawe na giza kidogo ili nzi wafuate mwanga wa bomba na kukwama kwenye wavu.

Tundu la watoto wa PP liwe dogo, sentimita 15 hivi kwa upana. Mtoto wa miaka minne akiona tundu la mtu mzima anaogopa kutumbukia. Atajizuia hadi nyumbani, au atamalizia pembeni, na mwalimu atamwita mchafu. Hiyo ni sehemu ya "mtoto mzima" ambayo haiandikwi kwenye lango.

#6 Nyar_Kibos
Hapo kwa tundu umenena, fundi.

#7 Daftari_la_Karo
Tuje kwenye pesa, maana hapa ndipo shule nyingi za kanisa huzikwa. Hizi ni tarakimu za mfano, badilisha uweke zako.

Mapato: watoto 60 × sh 8,000 × mihula 3 = sh 1,440,000.

Mishahara: walimu 4 × 18,000 × miezi 12 = 864,000. Mpishi 12,000 × 12 = 144,000. Mlinzi vivyo hivyo, 144,000. Jumla 1,152,000. Juu yake kuna mchango wa mwajiri: NSSF (pensheni) 6% ni 69,120, ushuru wa nyumba 1.5% ni 17,280, na NITA (mafunzo ya viwandani) sh 50 kwa kila mtu kwa mwezi ni 3,600. Hiyo ni 90,000 kamili. SHIF (bima ya afya) ya 2.75% hukatwa kwa mfanyakazi, lakini kuipeleka ni kazi yako. Makato yafike kabla ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata, ukichelewa faini inaanza kuhesabika.

Kwa hivyo watu pekee wanakula 1,242,000. Zimebaki 198,000.

Sasa weka chakula cha mchana kwa sh 30 kwa mtoto, siku 180: 324,000. Tayari una shimo la 126,000, na bado hujanunua chaki. Halafu si kila mzazi atamaliza karo. Wakilipa 85%, unapata 1,224,000, na hata mishahara na michango yake haitoshi.

Kinachofanya kazi: chakula kiwe malipo yake, sh 1,800 kwa muhula, akaunti yake, daftari lake. Zikichanganywa, mwezi wa mishahara maharagwe ndiyo hupunguzwa kwanza. Pili, mishahara ni miezi 12 na karo haiingii Agosti wala Desemba. Kila muhula tenga fungu la likizo kabla ya kununua chochote. Tatu, msihesabu watoto "walioahidiwa" ibadani. Wahesabu waliolipa angalau nusu kufikia wiki ya pili ya Desemba. Wakiwa 35, fungueni madarasa mawili tu, PP1 na PP2.

Na neno moja kwa shule inayojiita ya Kikristo: kama kuna ufadhili wa watoto maskini, andikeni ni nafasi ngapi na nani anazilipia. Huruma isiyo na bajeti hulipwa na mwalimu ambaye mshahara wake unachelewa.

#8 Mzee_Lwanda
Mwalimu wa kanisa afanye kazi kama huduma. Zamani hatukudai hivyo.

#9 Daftari_la_Karo
Mzee wangu, heshima kwako. Huduma ni ya anayejitolea mwenyewe, haiwezi kuandikwa kwenye bajeti ya mtu mwingine. Sheria inamtaka mwenye shule ya binafsi awalipe walimu waliosajiliwa. Asiyelipwa anaondoka Mei, na mtoto wa PP1 anabadilishiwa mwalimu katikati ya mwaka. Kwa mtoto wa umri huo hakuna hasara kubwa kuliko hiyo.

#10 Mwl_Umilisi
Nichukue ratiba.

Gredi 1 hadi 3 zina vipindi 31 kwa wiki, kila kimoja dakika 30: Kiingereza 5, Kiswahili 4, lugha ya mama 2, Hisabati 5, Dini 3, Mazingira 4, Sanaa na michezo 7, na PPI (kipindi cha malezi ya kiroho) 1. Jumla ni saa 15 na nusu. Wiki ya shule kutoka saa mbili asubuhi hadi saa tisa ina saa 35. Maana yake mtaala wenyewe umekuachia nafasi kubwa ya kumlea mtoto mzima. Anayeijaza kwa majaribio ya Hisabati ni mwenye shule, si serikali.

Tazama tena hiyo 7. Sanaa, muziki na michezo ndiyo yenye vipindi vingi kuliko somo lolote, na ndiyo huibiwa kwanza mitihani ikikaribia. Ukitaka kupima kama shule ni ya kulea mtoto mzima, ingia Alhamisi kipindi cha sanaa uone kama watoto wanafinyanga udongo au wanakariri jedwali la saba.

Mpangilio wa siku unaofaa: saa mbili ibada fupi, dakika 15 kwa PP na 20 kwa Gredi, wimbo mmoja, hadithi moja ya Biblia, ombi moja linaloongozwa na mtoto. Ikizidi hapo mnafundisha watoto kwamba Mungu ni kusimama kwenye jua. Vipindi vya lugha na Hisabati asubuhi, uji saa nne, baada ya chakula bustani, sanaa na kusomewa hadithi. Watoto wa PP walale nusu saa kwenye mikeka. PPI mpeni mwalimu aliyejiandaa, asiletewe mhubiri mgeni anayepaza sauti.

Lugha ya mama: hapo Dholuo, na mtafute mwalimu anayeisoma vizuri, kwa maana wengi wanaisema lakini kuiandika ubaoni wanababaika.

Kuhusu tathmini: ngazi ni nne, Kuzidisha Matarajio, Kufikia, Kukaribia, na Mbali na Matarajio. Msitangaze nambari ya kwanza hadi ya mwisho. Na kwa ripoti ya Luka 2:52, tahadhari moja: msimpe mtoto ngazi ya imani. Mkiandika "Roho: Kukaribia Matarajio", mtoto atajifunza kuomba kwa sauti kubwa mwalimu akiwa karibu. Andikeni kilichoonekana kwa macho, pamoja na tarehe: "12 Februari, alirudisha penseli ya mwenzake bila kuulizwa." Sentensi mbili kwa mwezi kwa kila mtoto. Mwalimu wa watoto 15 anazimaliza Ijumaa moja.

#11 Mama_Wimbi
Sufuria mmeiacha? Kwa githeri, kadiria gramu 150 za mahindi na 40 za maharagwe kwa mtoto, mafuta gramu 5. Watoto 60 ni kilo 9 za mahindi, yaani gorogoro nne na nusu za kilo mbili, na kilo 2.4 za maharagwe. PP1 hawamalizi, lakini msipunguze, Gredi 2 watamaliza ya wote.

Maharagwe yalowekwe usiku, maji yale yamwagwe, kuni zinapungua sana. Mahindi ndiyo hatari. Yakiwa na unyevu zaidi ya 13.5% yanaota kuvu, na sumu ya kuvu haitoki kwa kuchemsha. Kipimo cha jikoni: chupa kavu ya kioo, mahindi robo chupa, chumvi kavu vijiko viwili, funga, tikisa dakika chache, acha robo saa. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi ni mabichi, yarudishe sokoni hata kama bei ni nzuri. Gunia liwe juu ya mbao, mbali na ukuta.

Mboga zitoke bustanini: osuga (mnavu), dek (mgagani), kunde. Sukuma pia, lakini msiwalishe sukuma peke yake mwaka mzima.

#12 Bahati_Nakuru
Niongeze kwa wanaosoma wakiwa huku Bonde la Ufa: pimeni maji ya kisima madini ya floridi kabla ya kutia sahihi kitu chochote. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya Nakuru vinapita hapo. Meno ya watoto yanakuwa ya kahawia na hayarudi. Kuchemsha hakuondoi, kunazidisha. Ni kichujio cha mkaa wa mifupa au maji ya mvua.

Kwa Rabuor floridi si shida ya kwanza, lakini hesabu ya paa ni ileile. Paa la mita 30 kwa 7 ni mita 210 za mraba. Mvua ya milimita 10 inakupa lita 2,100, ukitoa zinazopotea ni 1,680. Tangi la lita 10,000 linajaa kwa milimita 60 hivi. Watu 66 wakitumia lita 5 kila mmoja, ni siku 30. Maji ya mvua ya kwanza yaelekezwe nje, yana kinyesi cha ndege.

#13 Nyar_Kibos
Swali nyeti. Mzazi Mwislamu akileta mtoto? Na Wasabato, na watu wa makanisa ya Legio na Roho, wote wako hapo.

#14 KaratasiKwanza
Katiba Ibara ya 32 iko wazi: mtu asinyimwe kuingia kwenye taasisi kwa sababu ya dini yake, na asilazimishwe kufanya ibada inayopingana na imani yake. Mnaweza kuwa shule ya Kikristo na kusema hivyo wazi kwenye fomu ya kujiunga, mzazi ajue kuna ibada kila asubuhi. Lakini mtoto asiyeshiriki awe na mahali pa kukaa na mtu mzima, tena si nje ya mlango kama mkosaji. Matukio ya Jumamosi yaepukwe kabisa kwa sababu ya Wasabato. Ubatizo na meza ya Bwana mwachieni kila mzazi na kanisa lake.

Na fimbo. Lazima kuna mzee wa halmashauri atakayesoma Mithali 13:24. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi kinakataza adhabu ya kiboko, faini hadi sh 100,000 au kifungo cha hadi miezi sita, au vyote. Iandikwe kwenye barua ya kazi ya kila mwalimu, na muandike pia kinachofanywa badala yake: mtoto atengwe na ugomvi, apewe dakika za kutulia, aulizwe nini kilitokea, atengeneze alichoharibu, mzazi ajulishwe siku hiyohiyo. Ukimpokonya mwalimu fimbo bila kumpa kitu kingine mkononi, atatumia maneno, na hayo huumiza muda mrefu zaidi.

#15 Mzee_Lwanda
Hapo kwa fimbo nimesikia. Lakini vijana, msione kulea mtoto mzima ni jambo jipya. Wakwekeri walipofika Kaimosi mwaka 1902 walijiita misheni ya viwanda. Karibu na shule palikuwa na kinu cha kupasua mbao na hospitali. Maseno ikaja 1906. Mtoto alisoma, akafanya kazi ya mikono, akaomba. Ninyi mnarudisha kilichoachwa.

#16 Mwl_Umilisi
Kweli, mzee. Tofauti iwe moja: kazi ya mikono iwe somo, isiwe vibarua vya kulisha walimu. Kitalu cha bustani kiwe na upana wa sentimita 90 ili mkono wa mtoto ufike katikati bila kukanyaga. Urefu mita 3. Mistari miwili ya sukuma, sentimita 60 kati yake, mche hadi mche sentimita 45: miche 14. Gredi 1 wapime kwa shubiri zao, wagombane kwa nini majibu hayafanani. Gredi 2 walete kamba ya mita. Hapo Hisabati, mazingira na uvumilivu vimeingia kipindi kimoja.

#17 Mwalimu_Rabuor
Nimeandika kurasa sita. La mwisho: tukifungua Januari, bustani si itakuwa jangwa? Uwanda huu wa Kano ni mkavu wakati huo.

#18 Mama_Wimbi
Sia mbegu kwenye kitalu kidogo chini ya kivuli wiki ya kwanza ya Desemba. Wiki nne hadi sita miche iko tayari, na watoto wanaihamisha wenyewe wiki ya kwanza ya shule, jioni, si mchana. Weka nyasi kavu chini ya miche. Maji ya kunawia mikono yasiyo na sabuni nyingi yanatosha kumwagilia vitalu viwili. Desemba mwachie mlinzi ndoo na kopo lenye matundu, na umweleze asubuhi kabla ya saa mbili, maana akimwagilia saa sita maji mengi yatakaushwa na jua kabla ya kufika mizizini.